Asubuhi upasuaji, jioni nyumbani: swali la kuuliza kabla ya kusaini

Wazazi wa watoto wasiosikia siku hizi wananiuliza swali jipya. Zamani waliuliza kama mtoto atasikia. Sasa wanauliza: ni kweli mtoto anapandikizwa kifaa cha kusikia asubuhi, na jioni anarudi nyumbani kwake? Wameona kwenye simu. Au ndugu aliyeko Uingereza amewasimulia kwamba jirani yake alimpeleka mwanawe hospitali alfajiri, na kabla ya magharibi mtoto alikuwa sebuleni anatazama katuni, kichwa kimefungwa bandeji.

Ni kweli. Uingereza na Marekani hospitali nyingi hufanya hivyo kwa mtoto mwenye afya njema. Na mimi ni miongoni mwa wanaoona kuwa ni utaratibu mzuri, kwa mtoto anayefaa na familia iliyo tayari. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi maneno hayo yanavyopokelewa. Mzazi anaambiwa "upasuaji wa siku moja", naye moyoni anasikia "matibabu ya siku moja". Upasuaji ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika safari hii, na kwa familia nyingi ndiyo sehemu rahisi pia. Yanayofuata huchukua miaka, na huko ndiko wengine hukwama, kifaa cha mamilioni ya shilingi kikabaki kabatini.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja mithili ya kombe la konokono, madaktari hukiita koklea. Humo mna chembe takriban 15,000 zenye vinywele vidogo sana, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya umeme ambayo mshipa wa fahamu unaipeleka kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Shimesikio, yaani ile mashine ya kawaida inayovaliwa sikioni, hukuza sauti tu. Inamsaidia mtoto ambaye chembe zake zimebaki za kutosha. Ambaye hazikubaki, hata ukimpigia ngoma sikioni, sauti haina mlango wa kuingilia.

Kipandikizi kinaruka chembe hizo zilizokufa. Kina sehemu mbili. Ya nje huvaliwa nyuma ya sikio au kubandikwa kichwani kwa sumaku; ina maikrofoni, betri na kompyuta ndogo. Ya ndani hulazwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, na kutoka hapo uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, 12 hadi 22 kutegemea kampuni iliyokitengeneza, huingizwa ndani ya koklea. Vituo hivyo ndivyo vinavyougusa mshipa wa fahamu kwa umeme mdogo, na ubongo hujifunza kuusoma umeme huo kama sauti. Tafadhali likumbuke neno hilo "hujifunza", maana nitalirudia.

Upasuaji hufanywa mtoto akiwa amelala usingizi wa dawa, ule ambao wengi tunauita nusu kaputi. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo hupasua ngozi nyuma ya sikio, huchimba mfupa kwa mashine ndogo, hupita pembeni kabisa ya mshipa unaoendesha misuli ya uso, kisha huingiza uzi ule taratibu. Kwa sikio moja kazi yote huchukua kama saa mbili au tatu. Kabla mtoto hajaamshwa, wataalamu hupima kama kifaa kinafanya kazi na kama mshipa wa fahamu unaitikia. Ngozi hushonwa, mara nyingi kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, na kichwa hufungwa bandeji.

Damu inayopotea ni kidogo. Tumbo halijaguswa, kifua hakijaguswa. Maumivu ya siku za mwanzo kwa kawaida hutulizwa na dawa za kunywa ambazo mama yeyote anaweza kuzipima kwa kijiko chake cha dawa. Ndiyo maana watu walianza kujiuliza: mtoto huyu analala wodini usiku kucha kusubiri nini? Wodini kuna taa, kuna vilio vya watoto wengine, kuna vimelea ambavyo nyumbani hakuna. Mama ananyonyesha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Baba yuko nje ya geti. Nyumbani mtoto analala kitandani pake na anakula chakula anachokijua. Hizo si sababu ndogo, na hospitali nayo inapata kitanda cha mgonjwa mwingine.

Lakini kuna watoto ambao hata katika nchi hizo hawarudishwi siku hiyohiyo. Mtoto mchanga wa miezi michache, hasa aliyezaliwa njiti, huangaliwa kupumua kwake baada ya nusu kaputi. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa kifua au kifafa hubaki. Ambaye koklea yake ina umbo lisilo la kawaida hubaki pia, kwa sababu majimaji yanayouzunguka ubongo yanaweza kuvuja. Na yupo yule aliyeamka vizuri kisha akaanza kutapika mfululizo. Huyo hakuna wa kumtabiri asubuhi. Kwa hiyo daktari akikwambia "mtarudi leo", elewa kwamba anasema "mtarudi leo kama jioni mtoto atakuwa ameamka vyema, amekunywa na kubaki nacho tumboni, na uso wake haujapinda". Fungasha nguo za kulala hata hivyo.

Sasa tuje kwetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa hivi mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa nje, hasa India, na mama alikuwa akikaa huko majuma kadhaa mbali na watoto wake wengine. Hiyo ni hatua kubwa na sitaki mtu aisahau. Hata hivyo gharama ya mtoto mmoja bado huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya shilingi, sehemu kubwa ikiwa ni bei ya kifaa chenyewe, na familia nyingi hupata huduma kwa msaada wa serikali, bima au wafadhili. Ukishajua hilo utaelewa kwa nini sikubali hoja ya kwamba kurudi nyumbani siku hiyohiyo kutaifanya huduma kuwa nafuu. Usiku mmoja wa wodi ni tone katika ndoo. Faida yake iko kwenye utulivu wa mtoto na nafasi ya kitanda, tusiipambe kwa faida isiyokuwapo.

Halafu, nyumbani ni wapi? Kwa mtu wa Leeds au Chicago, kurudi nyumbani ni safari fupi ya gari, na usiku akipata shida anarudi hospitali kabla chai haijapoa. Mama aliyetoka Kigoma, Tunduru au Mpwapwa hana nyumbani huko. Ana chumba cha shemeji Mbagala, ambacho tayari kinalala watu watano, na kutoka hapo hadi hospitali saa nane usiku anategemea bodaboda. Kumwambia mama huyo "nenda nyumbani" jioni ya upasuaji, kwa sababu tu wenzetu wa Ulaya wanafanya, ni kunakili utaratibu na kuacha masharti yake. Msimamo wangu ni huu: mtoto anayelala mbali na hospitali kuliko mwendo wa saa moja hivi, au ambaye nyumba anayofikia haina mtu mzima wa pili wa kukesha, haina usafiri wa uhakika wala simu inayoshika mtandao, alazwe usiku huo. Hospitali ikiwa na nyumba ya wazazi ndani ya uwanja wake, hapo tunaweza kuzungumza habari nyingine. Na mzazi usione aibu kuyasema mazingira yako. Nimewaona wazazi wanaoitikia "ndiyo daktari" kwa kila swali ili wasionekane wagumu, kisha wanatoka nje hawajui pa kwenda.

Ukiruhusiwa kurudi, usiku wa kwanza mtoto atalialia, atakuwa mchovu, huenda atatapika mara moja au mbili na kuyumba akitembea kwa sababu sikio la ndani ndilo pia linaloshika mizani ya mwili. Hayo huwa yanapungua. Yasiyosubiri asubuhi ni haya: uso kupinda au jicho kushindwa kufumba, bandeji kuloa damu, uvimbe unaokua nyuma ya sikio, kutapika kusikokoma, maji meupe kama ya kunywa yanayotiririka puani au sikioni, homa kali, shingo kukakamaa, mtoto kulegea na kuwa mgumu kuamshwa. Ukiona mojawapo, usimpe paracetamol ukasema tutaona kesho. Rudi hospitali usiku huohuo.

Kuhusu homa na shingo nieleze kidogo. Mtoto mwenye kipandikizi ana hatari kubwa kuliko wengine ya kupata homa ya uti wa mgongo, na hatari hiyo haiishii kwenye wiki ya upasuaji. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili, na tangu hapo chanjo ya nimonia, ile ya kukinga vimelea vya nyumokoka, inasisitizwa kwa kila mtoto anayepandikizwa. Kwetu chanjo hiyo imo katika ratiba ya kliniki ya watoto. Nenda na kadi ya kliniki siku ya kwanza ya vipimo, wataalamu waone kama dozi zimekamilika na kama ziko za kuongeza. Na miaka mitano baadaye, sikio hilo likianza kuuma au kutoa usaha, usimalizane nalo duka la dawa.

Siku mbili tatu zinapita, mtoto anacheza kama kawaida, na mshangao wa kwanza unaingia: hasikii. Ndugu wanapiga simu kutoka mkoani, "vipi, anasikia?" Mama hana jibu, anaanza kushuka moyo. Hakuna kilichoharibika. Sehemu ya nje bado haijavalishwa. Kidonda huachwa kipone kwanza, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, ndipo kifaa kinawashwa. Katika majuma hayo mtoto anaweza kuwa anasikia hata kidogo kuliko awali, kwa sababu usikivu kiasi uliobaki katika sikio lililopasuliwa unaweza kupotea. Waambie ndugu mapema, utajipunguzia simu.

Siku ya kuwashwa ndiyo ile ya kwenye video. Mtoto anafumbua macho, anatabasamu, kila mtu chumbani analia. Video hizo hazidanganyi, ila huchaguliwa. Mtoto wako anaweza kuangua kilio kwa hofu. Anaweza kukitupa kifaa. Anaweza kukaa kimya kabisa kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa ubongo ambao haujawahi kupokea sauti, kitasa cha mlango na jina lake mwenyewe ni kelele moja tu. Itabidi ajifunze kwamba kelele ile ni mlango, hii ni mama, ile ni mvua juu ya bati. Mtoto anayesikia tangu kuzaliwa huchukua mwaka mzima akisikiliza kabla hajasema neno. Wako naye anahitaji mwaka wake wa kusikiliza, na unahesabiwa kuanzia siku kifaa kilipowashwa, hata kama ana miaka mitatu.

Baada ya hapo kuna kurekebisha kifaa kwa kompyuta, mara nyingi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha kwa nafasi ndefu zaidi, na kazi hiyo haiishi maishani. Kuna mazoezi ya kusikia na kutamka kila wiki. Kuna kazi ya nyumbani, ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kukufanyia: kumvalisha kifaa tangu anapoamka hadi anapolala, na kuzungumza naye siku nzima. Unaposonga ugali, sema unasonga ugali. Unapomwogesha, taja mkono, taja mguu. Tumia lugha unayoimudu vizuri zaidi. Kama ni Kisukuma, iwe Kisukuma. Mtoto anahitaji maneno mengi yaliyonyooka kutoka kwa mtu anayempenda, hahitaji Kiingereza cha kubabaisha.

Kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye fomu. Joto na jasho la Pwani huharibu mitambo hii, hivyo inahitaji kisanduku cha kuikaushia usiku. Waya wa nje hukatika. Uliza bei yake, uliza unapatikana wapi, nani atalipa. Betri zipo za kuchaji na za kutupa. Kama kijijini kwako hakuna umeme, sema kabla kifaa hakijaagizwa. Betri za kutupa ni vidonge vya chuma ambavyo mtoto akimeza vinaweza kumuunguza koo kwa saa chache, basi zifungiwe. Msusi aambiwe asisukie rasta nene pale sumaku inaposhikia. Na mtoto apewe kadi ya kifaa chake aende nayo kila hospitali atakayotibiwa maisha yake yote, kwa kuwa kipimo cha MRI na baadhi ya mashine za kukausha damu katika upasuaji huweza kumdhuru yeye au kifaa kama wahudumu hawakujua.

Ndiyo maana nasema swali la kuuliza kabla ya kusaini ile fomu si "tutalala siku ngapi?" Uliza hivi: baada ya kifaa kuwashwa, nani atakuwa anamwona mwanangu, wapi, kila baada ya muda gani, na nauli na vipuri vitatoka wapi? Kama jibu ni "njooni Dar es Salaam kila mara", na wewe unaishi Kigoma, piga hesabu ya nauli ya miaka miwili siku hiyohiyo, wewe na baba mtoto pamoja. Nasema baba kwa makusudi. Kazi hii ikiachiwa mama peke yake, mara nyingi hufa katika mwaka wa pili.

Wakuu wa hospitali nao nina neno kwao. Kitanda kinachookolewa kwa mtoto kurudi jioni kina thamani kama kinachookolewa kitageuzwa kuwa kitu: mtaalamu wa mazoezi ya matamshi anayefika hospitali ya mkoa, au chumba cha mazoezi chenye ukimya karibu na familia. Idadi ya watoto waliopandikizwa ni rahisi kuitangaza kwa waandishi wa habari. Ningependa siku moja tutangaziwe wangapi kati yao bado wanavaa vifaa vyao.

Jambo la mwisho ni umri, na hili haliwezi kungoja. Ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo. Marekani iliruhusu vipandikizi kwa watoto wa miaka miwili mwaka 1990, ikashuka hadi miezi 12 mwaka 2000, na mwaka 2020 ikaruhusu aina mojawapo kuanzia miezi tisa. Kwetu watoto wengi hufikishwa kwa bingwa wakiwa wameshapita hapo mbali, kwa sababu bibi alisema hata baba yake alichelewa kusema. Hospitali zetu nyingi hazimpimi kila mtoto usikivu anapozaliwa, basi wewe uwe kipimo. Mtoto wa miezi mitatu asiyeshtuka sufuria ikianguka, wa miezi sita hadi tisa asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, wa mwaka mmoja asiyebwabwaja, apelekwe akapimwe. Aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano kali, aliyechelewa kulia alipozaliwa au aliyechomwa sindano za jentamaisini kwa siku nyingi apimwe hata kama unadhani anasikia. Na aliyetoka kuugua homa ya uti wa mgongo apimwe ndani ya wiki chache, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kuijaza koklea mfupa, na uzi wa kipandikizi ukakosa pa kupita.

Wakati unasubiri rufaa, vipimo na fedha, ambavyo vinaweza kuchukua mwaka au zaidi, usimwache mtoto bila lugha. Jifunze naye lugha ya alama. Haimzuii kuongea baadaye, na kama upasuaji hautawezekana, au hautamfaa, atakuwa tayari na njia ya kukuambia kwamba tumbo linamuuma, kwamba amemwota bibi, kwamba hataki uji wa leo.